Kipimo cha Sinyati

Asubuhi hiyo Nashipae alikikuta kile kitanda kidogo kimelaliwa.

Nasema kidogo, na unielewe: kilikuwa kitanda cha kupakata magotini, kimezidi shibiri kwa vidole vichache tu, cha vijiti vya oloirien, ule mzeituni wa mwituni unaoota kwenye miteremko ya Meru. Matendegu yake manne yalikuwa bado na gome. Kamba zake zilisokotwa kwa nyuzi za magome, na godoro lake lilikuwa zile ndevu za kijani zinazoning'inia kwenye matawi kule juu, msituni, mahali ukungu hauondoki. Jana yake Nashipae alizichambua na kuzitandaza zikakaa sawa kama unga kwenye ungo. Sasa zilikuwa zimebonyea. Palikuwa na shimo dogo la kichwa, na bonde la mgongo, na chini kabisa alama mbili za visigino.

"Panya," akasema kwa sauti, ili ajisikie akisema.

Haya, panya. Lakini panya gani analala chali?

Akainama, akanusa. Hapakunuka panya. Palinuka udongo, ule wa chini kabisa, mwekundu na baridi, unaotoka mtu akichimba shimo refu. Akazinyanyua zile ndevu kwa ncha za vidole mpaka zikakaa sawa tena. Alikuwa na kazi ya kumaliza.

Miaka hiyo ilikuwa ya Mdachi. Boma lilikuwa limeshasimama, reli ilikuwa imeshafika Moshi, na mashamba ng'ambo ya mto Themi yalikuwa yameshachukuliwa na walowezi. Shabani, mume wa Nashipae, alikuwa seremala kwenye shamba mojawapo. Mtu wa Pangani huyu: alipanda bara na msafara wa mizigo, akafika Arusha, akaionja baridi yake, akaitukana, kisha akabaki. Alimwoa Nashipae wa Moshono, wakajenga nyumba huko Kijenge karibu na mto, wakapata mtoto mmoja, Sinyati. Mmoja tu. Kabla yake mimba ziliharibika, baada yake hakuja mwingine. Nashipae alimpenda mtoto huyo mpaka majirani wakamcheka.

Kwao Nashipae wanawake ndio wanaojenga nyumba, kwa hiyo mikono yake ilizijua fito tangu utotoni. Hizo samani ndogo alizianza kwa mchezo, kumfurahisha mwanawe: kigoda cha vijiti, meza ya gome, bakuli la ganda la mbegu. Siku moja Sinyati alikwenda shambani kwa baba yake na kigoda mkononi, na mke wa bwana shamba akakiona. Jamani, yule mama alikipenda! Akataka viti, meza, kabati na kitanda, seti nzima, ampelekee mtoto wa dada yake huko Ulaya awe anamlaza mwanasesere wake. Akamshika Sinyati bega, akamwambia Shabani kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, "Kitanda kama ya huyu. Sawasawa na huyu. Ndogo, lakini sawasawa."

Sasa, kosa lilifanyika hivi.

Nashipae alitaka kitanda kifanane na cha mtu kweli, si cha kubahatisha. Akakata ufito mmoja mzuri, ulionyooka, akamlaza Sinyati chali kwenye ngozi, mikono ubavuni, akauweka ule ufito kando yake, akaukata sawasawa kuanzia utosi mpaka kisigino. Kisha akachukua kamba yenye urefu huohuo, akaikunja mara kadhaa, kunjo moja likawa urefu wa kitanda. Akili nzuri, sikatai. Na ule ufito, kwa kuwa ulikuwa umenyooka hivyo na yeye si mwanamke wa kutupa mti mzuri, akaukatakata: vipande viwili vikawa mifumbati ya ubavuni, viwili vikawa vya kichwani na miguuni, vinne vikawa matendegu. Haukubaki hata ukucha.

Shabani aliporudi jioni alimkuta anafunga kamba za mwisho. Akacheka, akakisifu. Halafu akauliza, "Umekadiriaje urefu?"

"Nimempima Sinyati."

"Kwa kamba? Amesimama?"

"Kwa ufito. Nimemlaza."

Shabani akaacha kucheka. "Na huo ufito uko wapi?"

Nashipae akakigonga kile kitanda kwa kidole. "Si huu hapa?"

Kwao Shabani, mtu anayelazwa chali akapimwa kwa ufito ni maiti. Mchimba kaburi huja na ufito, hupima, huondoka akachimba kwa kipimo kile, na ufito wenyewe huingia shimoni pamoja na mwenyewe. Haurudi nyumbani, haufanywi kitu. Pangani hata mtoto anayecheza angezabwa kofi kwa kumpima mwenzake hivyo. Lakini Moshono hawakuwa na mambo ya kupima kaburi, Nashipae angejuaje? Na Shabani, badala ya kufungua mdomo, alijiambia kwamba majini wa pwani hawaijui njia ya huku. Akamtazama mwanawe anavyoruka nje na mbuzi, akaona mzima, akanawa mikono, akala. Mwanamume mwenye ulimi mrefu kuliko wote Kijenge, siku hiyo akaumeza.

Ndiyo kesho yake kitanda kikakutwa kimelaliwa. Na kesho yake tena. Siku Shabani alipokibeba kukipeleka shambani pamoja na vile viti, Nashipae alishusha pumzi. Alidhani uchafu umetoka nyumbani.

Ulikuwa msimu ule wa baridi ambapo mlima hauonekani na ukungu unashuka mpaka kwenye migomba, jua hulioni hadi mchana, na wakati mwingine hulioni kabisa. Asubuhi moja Nashipae alimwona Sinyati anakanyaga pindo la gauni lake.

"Nani kakwambia ulivute hivyo? Unalichana!"

"Sikulivuta, yeyo," akasema, akimwita mama kwa lugha ya kwao Moshono. "Ndiyo lilivyo."

Nashipae akalipandisha mabegani, likashuka tena. Nguo hii ya merikani imelegea kwa kufuliwa, akajiambia, akalikunja pindo akalishona. Baada ya siku chache lilikuwa linaburuta tena. Bangili ya shaba iliyokuwa inambana mtoto ikaanguka yenyewe uani, akaenda kuiokota, akaivaa, ikaanguka tena. Kibuyu cha maziwa kilichotundikwa ukutani, ambacho Sinyati alikuwa akikifikia kwa kunyoosha mkono, siku hiyo alikirukia mara mbili na hakukigusa. Akageuka akamwangalia mama yake, akaanza kulia kimyakimya.

Nashipae alimbeba. Na alipombeba ndipo hofu ilipomwingia kweli, maana mtoto alikuwa mwepesi, mwepesi wa kutisha, na si kwamba amekonda, mashavu yake yalikuwa yaleyale na tumbo lilelile, ila kila kitu kilikuwa kimepungua kidogo kwa pamoja, mikono, vidole, hata meno alipofungua mdomo kulia, na shingoni mwake, mahali ambapo mama huwa ananusa mwanawe akafurahi, palinuka udongo wa chini.

"Baba Sinyati," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. "Mtoto anapungua."

"Anaumwa tu. Baridi hii."

"Nitazame. Nimesema anapungua. Si kukonda. Kupungua."

Shabani hakumtazama. Alitazama mikono yake mwenyewe. Sinyati alikuwa amelala pale kwenye ngozi, chali, mikono ubavuni, visigino vimegusana, na mara akasema bila kufumbua macho, "Yeyo, mbona pakubwa hapa? Nitafutie padogo."

Shabani akainuka, akatoka nje mbio, akarudi na Bibi Siwema.

Bibi Siwema alikuwa mwosha maiti wa Waislamu pale mjini. Mwanamke mfupi, mkali, mwenye ugoro puani na matusi mdomoni, na majini aliwajua kwa sababu kazi yake ilikuwa mlangoni kwao. Alifika kizingitini akasimama. Hakuingia.

"Shikamoo, bibi," Nashipae alisema.

"Marahaba. Nani kafa humu?"

"Hajafa mtu, bibi."

"Basi mbona kumepimwa?"

Ndipo Shabani akaanza kusema yote, kuanzia ufito mpaka matendegu, na kadiri alivyosema ndivyo Nashipae alivyomkodolea macho. Alipomaliza, mkewe alimpiga kofi moja la kutosha, mbele ya mgeni, na yeye hakuinua mkono.

"Ulijua! Siku zote hizi ulijua, ukakaa ukala ugali wangu!"

"Nilifikiri..."

"Mtagombana baadaye," Bibi Siwema alisema. "Nisikilizeni. Wapo majini wa makaburini, kazi yao kungoja. Mtu akipimwa, mmoja anaitwa, anakuja kukaa shimoni alinde lisilale tupu mpaka mwenyewe afike. Ninyi mmemwita, mkamtengenezea na kitanda kwa kipimo chenyewe. Amelala pale anangoja. Kitanda ni kidogo, mtoto ni mkubwa, basi anampunguza. Taratibu, mpaka atoshe. Kiko wapi hicho kitanda?"

"Shambani," Shabani alisema. "Kwenye sanduku. Nililipigilia misumari mimi mwenyewe. Linakwenda Moshi, kwenye reli, liende Ulaya."

"Lini?"

Shabani akashika kichwa. "Leo. Gari la ng'ombe limetoka leo alfajiri."

"Lahaula!" Bibi Siwema alitema mate. "Kitanda kikipanda reli, mtoto huyu hamtamwona tena hata mkeshe mkimlinda. Leteni punda."

Walimpandisha yule bibi juu ya punda wa jirani, Nashipae akamfunga Sinyati mgongoni kwa ngozi, Shabani akatangulia na nyundo yake, wakashika njia ya Moshi. Na njia yenyewe ilikuwa matope matupu, ukungu mweupe umeifunika, mti ulio mbele hatua chache huuoni mpaka uugonge, na Nashipae alikimbia bila kuona anakokanyaga, akianguka na kuinuka, akisikia pumzi ya mwanawe kisogoni, akimwita Mungu wa kwao na Mungu wa mumewe kwa zamu, maana hakujua ni yupi aliye karibu, na kadiri walivyokwenda akasikia kitu ambacho hakutaka kukisikia: mzigo ulikuwa unapungua. Ile ngozi aliyoikaza Kijenge ilikuwa inalegea. Akaikaza tena akikimbia. Ikalegea tena. Hakuthubutu kugeuka kutazama, kwa hofu ya kile ambacho angekiona, akapeleka tu mkono nyuma akaushika mguu wa mtoto, na mguu ule, ambao jana ulimjaa kiganjani, ukamwacha na nafasi.

"Sinyati! Uko?"

"Niko, yeyo. Tunakaribia nyumbani?"

"Nyumbani ni tunakotoka, mama."

"Hapana," mtoto alisema. "Ni mbele."

Walilikuta gari kwenye kivuko cha mto Tengeru. Halikuwa limekwama. Maji yalikuwa ya magotini, magurudumu yalikuwa hayajaingia mtoni bado, lakini ng'ombe wote walikuwa wamesimama ukingoni wamegeuza vichwa nyuma, macho yamewatoka, wakilitazama gari walilokuwa wakilivuta. Mwendeshaji alikuwa Nathanaeli, Mmeru, Mkristo wa misheni, mtu wa pole. Alikuwa ameketi kwenye majani mbali na gari, kijiti cha kuswagia kimemlalia mapajani.

"Wamegoma," aliwaambia kwa sauti ya chini, kama anayesema karibu na mgonjwa. "Nimewapiga, wamegoma. Na kuna kitu kinafanya hivi, sikilizeni."

Wakasikiliza. Kutoka ndani ya sanduku, chini ya turubai, ilitoka sauti ndogo sana, ya kamba za kitanda mtu anapojigeuza: kwii. Kimya. Kwii.

"Fungua," Bibi Siwema alisema.

"Mimi?" Nathanaeli aliinuka. "Sanduku la bwana? Nitachapwa viboko mpaka nisahau jina langu."

"Nililifunga mimi," Shabani alisema. "Nitalifungua mimi. Wewe geuka, sema hukuona."

Akaing'oa misumari mmoja mmoja. Kifuniko kilipotoka, wote walirudi nyuma. Shabani alikuwa amezipanga samani zile mwenyewe, viti vimelazwa, nyasi kavu zimejazwa katikati visigongane. Sasa nyasi zilikuwa zimesukumwa pembeni. Vile viti vidogo, vigoda, hata ile meza na lile kabati, vyote vilikuwa vimesimama wima vimekizunguka kitanda, vimekielekea, namna watu wanavyokaa msibani. Na harufu ya kaburi bichi ikapanda kutoka ndani ikawajaa puani.

Bibi Siwema alikitoa kitanda kwa ncha ya kanga yake, akakiweka chini. Alimwambia Nashipae amfungue mtoto. Nashipae akamfungua, akamtazama, akapiga ukelele. Sinyati alikuwa wa kubebeka kwa mkono mmoja, amelala ndani ya gauni lake kama ndani ya shuka, na macho yake yalikuwa wazi, ila hayakuwa yakimtazama mtu.

Bibi Siwema akafukiza udi, akanyunyiza marashi, akasoma anayoyajua. Ukungu ulisimama. Kisha akauliza, "Nani wewe?"

Midomo ya mtoto ikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mzima, mtulivu, Kiswahili safi cha pwani ambacho Sinyati hakupata kukisema maishani mwake.

"Mngojaji."

"Unangoja nini?"

"Nimepimiwa mtu. Kitanda kimetandikwa. Mtu wangu yuko wapi?"

"Hakufa huyu. Mama yake ni mtu wa bara, hakujua. Toka."

"Mimi siulizi kafa nani," ile sauti ikasema bila hasira. "Nauliza kapimwa nani."

Bibi Siwema alijaribu. Alimwahidi jogoo, alimwahidi mbuzi, alimtukana kwa matusi yote ya pwani ya Mrima, alimwapiza kwa majina makubwa. Ile sauti ilimjibu neno lilelile, kapimwa nani, kapimwa nani, na kila mara ilipolisema lile gauni lilitulia kidogo zaidi juu ya mtoto, maana kilichokuwa ndani yake kilikuwa kinapungua mbele ya macho yao. Mwisho yule mwanamke mkali aliweka chini chetezo chake. Mikono yake ilikuwa imechoka.

"Mwanangu," alimwambia Nashipae, "mimi nimefika mwisho wangu. Sina tena."

Nashipae akajitupa chini. "Nichukue mimi! Niache mtoto, nichukue mimi, nimefanya mimi!"

"Wewe hukupimwa."

Basi. Hapo mtu hulia, na Nashipae alilia, alilia kwa sauti mpaka ng'ombe wakatikisika kwenye nira, akakinyakua kile kitanda akitaka kukivunja, na vidole vyake vilipozigusa zile kamba, vyenyewe vikaanza kuzifungua, kwa sababu ndivyo vilivyozoea. Akafungua tendegu la kwanza. Akafungua la pili. Akiwa hajui bado anafanya nini, akaviweka vile vipande chini kwenye matope, kimoja baada ya kingine, kichwa kwa mkia, mifumbati, vya kichwani na miguuni, matendegu, mpaka ufito wote ukalala pale umenyooka kama siku alipoukata. Akautazama. Akamtazama mwanawe. Kilio kikamkatika.

Akambeba Sinyati, akamlaza kando ya ule ufito.

"Tazama," akasema, pua inamtiririka, "wewe unayengoja, tazama. Kipimo chako ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Utosi huu hapa. Kisigino kiko wapi? Hakifiki hata nusu. Huyu siye uliyepimiwa. Uliyepimiwa alikuwa mrefu kama ufito huu, na umemfupisha mwenyewe, kwa mkono wako. Ukimtaka wa kipimo, hapa hayupo. Ukimtaka huyu, huna kipimo chake. Sema sasa, wako ni nani?"

Mto tu ndio uliosikika, na ng'ombe mmoja akikohoa. Shabani alikuwa amepiga magoti kwenye maji.

"Kweli," ile sauti ikasema hatimaye. Halafu ikasema, polepole, bila chuki yoyote, "Nitangoja."

Mtoto akakohoa, akalia kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya mtoto mwenye njaa, na mbele ya macho yao lile gauni likaanza kujaa.

Bibi Siwema hakupoteza muda. Akachimba kishimo pale ukingoni, akavitia vile vipande vyote, akafukia, akasoma. Ng'ombe wakageuza vichwa, wakaingia majini wenyewe bila kuswagwa. Nathanaeli aliondoka na sanduku lake hakuaga. Huko Ulaya kuna mtoto aliyepata viti na meza akakosa kitanda, na amshukuru Mungu wake.

Nashipae alikuwa anacheka na kulia, anambusu mtoto vidole. Halafu akainua kichwa. "Bibi. Amesema atangoja. Atangoja nini?"

Bibi Siwema alijipangusa matope kwenye kanga. Alikuwa hataki kujibu, ungeona.

"Watoto hurefuka, mwanangu," akasema.

Nashipae hakuelewa. Kisha akaelewa. Akakirukia kile kishimo, akafukua kwa kucha, akitaka ule ufito, apate kujua ni urefu gani, auchongee alama, ajue siku. Alifukua mpaka vidole vikatoka damu. Kulikuwa na udongo na mizizi, basi. Na ile kamba aliyoikunja mwanzo alikuwa ameshaitumia kufungia viti.

"Sitaijua siku!" alipiga kelele. "Bibi, nitaijuaje siku?"

"Hutaijua. Na usimpime tena, kwa chochote, hata kwa macho. Siku atakapourudia urefu ule, akilala amenyooka, atachukuliwa. Akilala amejikunja, hana urefu, yule mngojaji hawezi kumwona. Mkunje. Urefu ule ataupita siku moja, akishaupita mmepona."

Tangu siku hiyo Nashipae hakulala usingizi wa mtu. Alimlaza mwanawe kifuani, magoti yamegusa kidevu, mikono yake mwenyewe imeyafunga kama kamba za kuni. Mtoto alilalamika miguu inakufa ganzi, akambembeleza, akamkunja. Sinyati alikuwa anarudi haraka, anakula kupita kiasi, gauni lilipanda kutoka kwenye nyayo mpaka vifundoni. Majirani walisema mashallah. Kila aliyesema mashallah, Nashipae alimchukia.

Siku moja Shabani alimkuta anamimina maziwa ya mtoto kwenye majivu.

"Unamnyima mtoto maziwa?"

"Namnyima urefu," Nashipae alisema, na hakuona haya. "Akikaa mfupi, atakaa wangu."

"Mama Sinyati, huwezi kumzuia mtoto asikue."

"Basi niambie ninachoweza! Wewe uliyejua, niambie!"

Shabani alikichukua kile kibuyu mikononi mwa mkewe, akakinusa, akakirudisha ukutani. Kisha akaketi karibu na mkewe, wakamtazama mtoto wao anakimbiza kuku uani, wote wawili wakimwomba Mungu kitu ambacho hakuna mzazi anayekiomba.

Baridi ikaisha. Mlima ukaonekana, mweusi, karibu. Adhuhuri moja ya jua kali Nashipae alikuwa uani anapukuchua mahindi, Sinyati anachezea magunzi miguuni pake. Alivyoinama kuokota punje na kuinuka, mtoto hayupo.

Alimkuta ndani, kwenye ngozi. Alikuwa amelala usingizi wa mchana, chali, amenyooka, mikono ubavuni, visigino vimegusana. Ndani mle palinuka udongo. Nashipae alimwangukia, akayashika magoti ili ayakunje, akavuta, na magoti yakakataa, akavuta kwa nguvu zake zote huku akimwita kwa jina, na Sinyati akafumbua macho taratibu. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alimtazama mama yake kwa huruma, akaweka kidole mdomoni, akanong'ona.

"Acha, yeyo. Anasema bado vidole viwili."